Kinyago Kilitengenezwa Kimwendee Nani? Kusoma Sanaa Pamoja na Mazingira Yake

Miongoni mwa vinyago vinavyouzwa katika vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, kuna aina moja ambayo karibu kila mgeni huitambua hata kama hajui jina lake: gogo la mpingo lililosimama wima, ambalo kutoka chini hadi juu limechongwa likawa watu wengi walioshikamana, huyu akimbeba yule, mkono wa mmoja ukitokeza begani mwa mwingine, na juu kabisa amekaa mtu mmoja aliyewapita wote. Wauzaji huiita sanamu hiyo ujamaa. Mnunuzi huelezwa kwamba ni alama ya umoja, au kwamba ni ukoo pamoja na mzazi wake wa kwanza, na mara nyingi huongezewa kuwa ni desturi ya Wamakonde tangu kale. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli, sehemu si kweli, na sehemu nyingine imegeuka kuwa kweli kwa sababu imesemwa na kuchongwa kwa muda mrefu. Anayetaka kuielewa sanamu hiyo hana budi kuzitenganisha sehemu hizo tatu, na hawezi kuzitenganisha kwa kuitazama sanamu peke yake.

Wachongaji walioanzisha mtindo huo hawakuwa wenyeji wa Dar es Salaam. Wengi wao walitoka katika uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wakavuka Mto Ruvuma kuingia Tanganyika ili kukwepa kazi za shuruti na kilimo cha lazima cha pamba chini ya Wareno, na ili kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge, walikofanya kazi pamoja na manamba wa makabila mengine mengi. Baadhi yao walikuja na ufundi wa kuchonga, wakaona kwamba mjini kuna Wazungu na Wahindi walio tayari kuununua. Anayetajwa zaidi kuhusiana na sanamu za watu waliopandana ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyefika Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Wachongaji wenyewe waliuita mtindo huo dimoongo, na maelezo yao kuhusu chanzo chake hayakuwa na uhusiano wowote na siasa: ni mshindi wa mieleka aliyebebwa juu kwa juu na wenzake wanaomshangilia.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, lililotangaza ujamaa kuwa siasa ya Tanzania. Neno ujamaa likawa redioni, mashuleni na katika hotuba za Mwalimu Nyerere, na sanamu iliyokuwa ikionyesha kundi la watu wakimwinua mmoja ikaonekana kana kwamba ilichongwa kwa ajili ya neno hilo. Ikapewa jina jipya, na umbo nalo likalifuata jina. Katika nyingi zinazouzwa leo, aliye juu si kijana mwenye misuli, bali ni mama au mzee, na walio chini yake wanatwanga, wanabeba mitungi, wananyonyesha. Mshindi wa mieleka amekuwa chimbuko la ukoo. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba sanamu hiyo inahusu umoja hadanganyi, kwa kuwa aliyeichonga sanamu iliyo mbele yake huenda alikusudia hivyo hasa. Anachokosea ni kuirudisha maana hiyo katika kale ambayo haikuwa nayo.

Mfano huu unaonyesha kwa nini muktadha ni jambo gumu kuliko linavyotajwa katika vitabu vya shule, ambako huonekana kama pazia moja lililotundikwa nyuma ya kazi ya sanaa: mwaka, nchi, kabila, basi. Kwa kweli sanamu moja ina mazingira kadhaa ambayo hayapatani. Kuna mazingira ya mahali ilipochongwa, ya mtu aliyetarajiwa kuitumia au kuinunua, ya siasa zilizoipa jina, na ya mahali inapotazamwa sasa, pengine mbali sana na hayo yote. Maswali ya kuuliza ni mengi, lakini naliona moja kuwa na manufaa kuliko mengine, nalo linapaswa kutangulia lile la maana: kazi hii ilitengenezwa imwendee nani?

Tuchukue mti wenyewe. Watu wengi huamini kwamba mpingo ndio mti wa asili wa uchongaji wa Kimakonde, na kwamba weusi wake una siri fulani ya kiroho. Lakini kinyago cha ngoma, ambacho ndicho kilichokuwa na kazi nzito zaidi kijijini, hakikuchongwa kwa mpingo. Kilichongwa kwa mti mwepesi na laini, kwa sababu rahisi kwamba kilivaliwa kichwani na mtu aliyecheza kwa nguvu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ni mgumu, unakula makali ya patasi, na hauna faida kwa mchezaji. Faida yake ni kwa mnunuzi: haushambuliwi na wadudu kwa urahisi, unang'aa ukipigwa msasa, unadumu rafuni miaka mingi, na unalingana na picha ya Afrika aliyokuwa nayo mgeni kabla hajashuka melini. Mti peke yake unatuambia kwamba sanamu hizi zilikuwa njiani kuelekea kwa watu wa nje tangu gogo lilipokatwa.

Kinyago cha ngoma kina safari nyingine. Kwa Wamakonde wa Mueda huitwa lipiko, wingi wake mapiko, nacho hufunika kichwa chote. Mchezaji hukivaa kikiwa kimelala nyuma kidogo, akaona njia kupitia uwazi wa mdomo, mwili wake ukiwa umefunikwa nguo pasionekane ngozi. Kichwani hupachikwa nywele za watu, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta. Kilichongwa na kutunzwa faraghani, kikatoka katika sherehe za kuwapokea vijana waliomaliza jando na unyago, na waliokuwa hawajaingizwa katika siri hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake mna binadamu wanayemfahamu. Methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi inapata ukali wake wote katika mazingira ya namna hii, ambako kijiji kimegawanyika kati ya wanaojua na wasiojua, na hofu ya upande mmoja ni mchezo kwa upande wa pili.

Sasa kitazame kinyago hicho ndani ya kabati la kioo. Kimewekwa wima juu ya chuma chembamba, uso ukielekezwa mbele, kwa pembe ambayo hakikuwa nayo kilipochezwa. Nguo hazipo, ngoma hazipo, wala mwendo, ambao ndio uliokuwa ukikipa uhai. Pembeni pana kadi yenye maneno machache: Makonde, mti, nywele, karne ya 20. Jina la mchongaji halipo, na mtazamaji huondoka akidhani kwamba sanaa hii haina wachongaji, ina kabila tu. Ukweli ni kwamba kijijini mafundi walijulikana na wachezaji walisifiwa kwa majina, ila aliyekuja kukusanya hakuliona jina kuwa sehemu ya kitu alichokuwa akikinunua.

Namna ya kukusanya nayo ni muktadha, na mara nyingi ndiyo inayofichwa. Karl Weule, aliyetoka katika makumbusho ya Leipzig, alipita Newala na maeneo ya jirani mwaka 1906, akakusanya vinyago na vitu vingine vingi. Mwaka uliotangulia vita vya Maji Maji vilikuwa vimelipuka, na sehemu kubwa ya kusini ilikuwa bado haijatulia. Msomi huyo alisafiri akisindikizwa na askari. Hata pale alipolipa, ni halali kujiuliza bei ilikuwa na maana gani kati ya mgeni mwenye bunduki nyuma yake na mwanakijiji ambaye jirani zake wametoka kupigwa vita. Kadi ya kabatini haisemi chochote juu ya hilo. Na si ukoloni peke yake: mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Kurejeshwa huko kulistahili kushangiliwa, ingawa kinyago hakikurudi ngomani. Kilitoka kabati moja kikaingia jingine.

Mtu anaweza kuhitimisha kutokana na haya kwamba lipiko ni sanaa ya kweli na vinyago vya Mwenge ni bidhaa za watalii. Hitimisho hilo limeandikwa mara nyingi, na naliona kuwa la uvivu. Soko si uchafu ulioingia katika sanaa. Soko ni mazingira kama mazingira mengine, yenye kanuni zake, na huweza kuzaa kazi mbovu au kazi za ajabu.

Mfano mzuri ni sanamu za mashetani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, alikuwa akinunua kazi za wachongaji wa Kimakonde na kuwahimiza wasirudie tu vichwa na wapiga ngoma waliokuwa wakiuzwa kila mahali. Samaki Likankoa ndiye anayetambuliwa kuwa mchongaji wa kwanza wa sanamu za mashetani katika mazingira hayo: viumbe wenye jicho moja au mguu mmoja, tumbo lililotobolewa likawa dirisha, ulimi uliopindwa ukawa mkono. Hakuna ngoma iliyozihitaji, wala jando, wala kaburi. Zilichongwa zinunuliwe. Lakini mchongaji alitoka kwa watu wenye visa vingi vya mizimu na mashetani wa porini, na alikuwa na mnunuzi aliyetaka jambo asilowahi kuliona, jambo ambalo mteja wa kijijini hakutaka. Mteja wa kijijini anajua lipiko linavyopaswa kuwa, naye hukasirika likikosewa. Mteja wa mjini hajui, na kutojua kwake kulimpa mchongaji nafasi ya kwenda kokote mawazo yalikompeleka. Hivyo soko lilimfungua mtu ambaye katika mazingira mengine angebaki ndani ya mipaka ya desturi, na soko hilohilo, mtindo ulipokwisha kupendwa, likawafunga maelfu ya wengine katika kuurudia.

Siasa nazo hazikuwa mbali. Wachongaji hawa walikuwa ndugu wa watu waliopigwa risasi na Wareno huko Mueda tarehe 16 Juni 1960. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam, katika mji huohuo waliokuwa wakichongea, mwaka 1962. Na vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, vinyago kutoka maeneo yaliyokombolewa viliuzwa ili kuisaidia harakati hiyo. Mnunuzi aliyekuwa akitafuta kumbukumbu ya safari yake huenda alichangia vita bila kujua. Ukiona katika kazi za kipindi hicho bwana mkubwa wa Kireno akibebwa machelani na watu waliokonda, hapo hakuna haja ya kutafuta alama zilizofichika. Mchongaji amesema alichoona.

Michoro ya Tingatinga ina habari inayofanana na hiyo, na inaweza kusemwa kwa ufupi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dukani, na kazi zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, walikonunua wageni waliokuwa wakikaa eneo hilo. Mng'ao wa picha zile, rangi zake zisizochanganyikana na ukubwa wake unaotosha mtu kubeba kwapani vilitokana na duka la vifaa na aina ya mteja kama vilivyotokana na kipaji. Kulijua hilo hakumpunguzii Tingatinga chochote. Kunaonyesha alifanya makubwa kiasi gani kwa vitu vilivyokuwa mkononi mwake.

Lakini zipo kazi ambazo hazikutengenezwa ziende kokote, na hapo suala la muktadha linaacha kuwa la wasomi peke yao. Katika pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda na hasa Wagiriama, mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, akishafariki, husimamishiwa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu wenye kichwa cha mviringo, ulionakshiwa kwa pembetatu ndogondogo na kupakwa rangi. Mara nyingi husimamishwa baada ya marehemu kumtokea ndugu ndotoni au balaa kuiandama familia, na tangu hapo marehemu hupewa heshima zake mahali hapo. Kigango hakihamishwi. Familia ikihama, hubaki pale kiliposimama, mvua na mchwa vikakila polepole, na kuoza huko si uzembe wa mtu yeyote bali ni sehemu ya utaratibu wenyewe.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vilianza kung'olewa na kuuzwa, vikaishia kwa wakusanyaji na makumbusho ya Marekani, ambako vilisifiwa kwa umbo lake jepesi linalokaribiana na uchongaji wa kisasa wa Ulaya. Sifa hiyo haikuwa ya uongo, kwa kuwa vigango ni vizuri kweli. Lakini aliyevisifu hakujua, au hakujali, kwamba alikuwa akitazama kitu kilichotolewa mahali pekee palipokifanya kuwa kigango. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa, na miaka mingi ikapita kabla Udvardy hajavitambua katika makumbusho za vyuo viwili vya Marekani. Picha ile ndiyo iliyothibitisha vilikotoka. Vyote viwili vilirejeshwa. Makumbusho ya Mambo ya Asili na Sayansi ya Denver nayo iliamua kurejesha vigango 30, vikafika Nairobi mwaka 2019. Ugumu wake ni kwamba havikuwa na picha ya namna ile, na kigango kisichojulikana ni cha nani na kilisimama wapi hakina pa kurudi. Kinaweza kurudi Kenya, lakini si kwa marehemu wake. Hapa kukosekana kwa taarifa za muktadha si upungufu wa kadi ya maelezo. Ni hasara isiyofidika.

Kuna tabia moja inayofaa kukemewa kabla ya kwenda mbele. Wanaoandika juu ya sanaa mara nyingi huipa kazi ya Kiafrika muktadha mwingi (kabila, mila, mizimu) na kuiacha kazi ya Ulaya isimame peke yake kana kwamba ilizaliwa makumbusho. Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa Milano kati ya takriban 1495 na 1498, haiko juu ya turubai la kutundikwa popote. Iko ukutani mwa ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Santa Maria delle Grazie. Watawa walikula kimya, na mbele yao, juu kidogo ya vichwa vyao, Yesu na wanafunzi wake nao walikuwa mezani, kana kwamba ukumbi uleule umeendelea kwa meza moja zaidi. Bila kulijua hilo, haueleweki mpangilio wa meza ile ndefu wala kwa nini mistari ya kuta zilizochorwa inaonekana kuendeleza kuta za chumba. Na ili isidhaniwe kwamba watu wa zamani waliiheshimu kazi hiyo kama tunavyoiheshimu sisi, mwaka 1652 watawa walitoboa mlango ukutani, wakaikata miguu ya Yesu. Kwao ulikuwa ukuta wa chumba cha kulia, na walihitaji mlango.

Baada ya kuyasema haya yote, ni lazima kuuwekea muktadha mipaka, kwa maana unaweza kutumiwa vibaya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kubuni. Mtu asiyejua chanzo cha kazi hujaza pengo kwa mila za jumla, akaona uzazi katika kila titi lililochongwa na mzimu katika kila jicho kubwa, na maelezo yake yakaaminika kwa sababu yanafanana na yale ambayo msomaji alikuwa akiyatarajia. Njia ya pili ni kuacha kutazama. Anayejua habari za Mueda, za Peera na za Azimio la Arusha anaweza kupita mbele ya sanamu 20 za ujamaa akaziona zote kuwa moja, kwa kuwa zote zina historia moja, ilhali 19 kati yake zimechongwa kwa haraka na moja imechongwa na fundi.

Tofauti hiyo haiko katika historia, iko katika mti. Fundi hujua wapi pa kuacha ule weupe wa nje wa mpingo ili uwe kanga begani mwa mama au mwanga usoni mwa mtoto, na wapi pa kuuondoa wote. Miguu ya watu wake wa chini inabeba uzito. Ukiifuata kwa jicho unaona goti limekunjika kwa sababu kuna mtu juu yake, si kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Nyuma ya sanamu, ambako mnunuzi hatazami, kazi haijalegea. Katika zile za haraka, nyuso zote ni moja, tupa imepitishwa mara mbili tu, na pengine mti wenyewe si mpingo bali ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu, jambo ambalo kidole kilicholowa mate hulifichua papo hapo. Hata kiwi hiyo ina muktadha wake: mpingo ulionyooka unazidi kuwa adimu na ghali, unakua polepole sana, nao unatakiwa pia na viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza zumari na klarineti. Mchongaji anayepaka kiwi anaijua bei ya gogo kuliko mteja wake anavyoijua, na anajua pia kwamba mteja huyo hataligundua jambo hilo mpaka awe amefika kwao.